Ndoa inahitaji windo la pamoja

Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia habari ya nyumba iliyogawanyika kwa sababu ya kitoweo. Isaka alimpenda Esau, kwa kuwa Esau alikuwa mwindaji hodari na mzee alipenda nyama ya mawindo. Rebeka alimpenda Yakobo, kijana mtulivu wa kukaa hemani (Mwa 25:27-28). Mara nyingi tukiisoma habari hiyo tunawatazama ndugu wawili na ule mchuzi wa dengu. Dominika hii naomba tuwatazame wazazi wao.

Tukifika sura ya 27 Isaka amezeeka na macho yake hayaoni. Anamwita Esau, anamtuma nyikani na upinde wake amletee nyama, ale, kisha ambariki. Rebeka anasikiliza. Angalieni hapo, wapendwa: mume hakumshirikisha mkewe jambo kubwa kuliko yote aliyokusudia kulifanya siku zile. Mke naye alipolisikia hakwenda kuzungumza na mumewe. Alimtuma Yakobo akalete wana-mbuzi wawili, akapika chakula cha kumdanganyia mzee. Nyumba ile ililipa gharama kubwa. Yakobo alikimbilia ugenini, na Maandiko hayatuambii popote kwamba Rebeka alimwona tena mwanawe.

Lakini hawa ni watu walewale waliopendana. Isaka alifarijika kwa Rebeka baada ya kufiwa na mama yake (Mwa 24:67). Mke alipokuwa tasa, mume alimwombea kwa Mungu (Mwa 25:21). Hata mfalme Abimeleki alichungulia dirishani akamwona Isaka akicheza na mkewe, akajua kuwa hao si kaka na dada (Mwa 26:8). Basi ilikuwaje watu waliocheza pamoja wakafika mahali pa kusikilizana nyuma ya pazia? Biblia haitaji ugomvi wowote kati yao. Inatuonyesha tu kwamba mawindo yalikuwa ya baba na mwana mmoja, na jiko lilikuwa la mama na mwana mwingine. Miaka ilipita hivyo.

Habari hiyo nilianza kuisoma kwa jicho jingine nilipotumwa kuhudumu kwa muda katika parokia moja ya kijijini, kaskazini mwa Wisconsin, nchini Marekani. Huko mwezi wa Novemba una siku tisa ambazo watu huzisubiri kama watoto wanavyoisubiri Krismasi. Ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Unafunguliwa Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, na unafungwa Jumapili inayofuata. Ndani ya siku hizo daima huangukia Dominika ya Kristo Mfalme. Wawindaji wa huko ni zaidi ya nusu milioni, na parokia kadhaa huwa na Misa maalumu kwa ajili yao, ambapo utaona viti vya kanisa vimejaa makoti ya rangi ya chungwa.

Kulungu wa huko si huyu wetu wa vichakani. Ni kulungu wa mkia mweupe: akishtuka huuinua mkia juu kama mtu anayepunga kitambaa. Pembe za dume zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Ni wa ukoo wa yule ambaye Biblia yetu humwita ayala. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amewindwa hovyo hata akakaribia kwisha katika sehemu nyingi za Marekani. Sheria na leseni zikamrudisha, na leo yuko kwa mamilioni.

Kwa muda mrefu windo hilo limekuwa jambo la wanaume. Utafiti wa kitaifa wa idara ya wanyamapori ya Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa katika kila wawindaji kumi, tisa walikuwa wanaume. Baba, wajomba na wavulana wakubwa hufunga safari kwenda kambini, na wake zao hubaki. Wanawake hao wana jina lao la utani: wajane wa kulungu. Maduka hutangaza punguzo la bei kwa ajili yao, na watu hucheka. Hata hivyo neno mjane si jepesi. Mtu hawezi kuitwa mjane, hata kwa utani, mpaka kuwe na aliyeondoka.

Ndiyo maana nilivutiwa na wenzi wachache wa parokia ile ambao huenda porini pamoja, mume na mke, mwaka baada ya mwaka. Nilikaa nao mezani nikawauliza maswali mengi.

Wanaamka saa kumi alfajiri. Nje kuna giza na theluji. Mke anajaza chupa ya kahawa, mume anakagua bunduki zote mbili. Wanavaa makoti yanayong'aa, maana sheria ya huko inadai angalau nusu ya vazi la nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, liwe la rangi hiyo ili mtu asidhaniwe kuwa mnyama. Mwaka 2016 Wisconsin iliruhusu pia rangi ya waridi inayong'aa, kwa matumaini ya kuwavuta wanawake. Baadhi ya wanawake hawakupendezwa. Waliona kwamba mwanamke haingii porini kwa ajili ya rangi ya koti. Kisha wanatembea kimyakimya hadi msituni, na kila mmoja anapanda dungu lake juu ya mti, mfano wa yale madungu ya kulindia mpunga. Kutoka dungu hadi dungu ni kama mita mia mbili. Hapo wanakaa kwa saa nyingi, bila kusema neno, bila hata kukohoa.

Nilimwuliza mama mmoja kuna faida gani kwenda pamoja kisha kukaa mbali hivyo. Alinijibu: "Padre, mimi najua alipo, naye anajua nilipo. Hakuna anayeshuka bila kumjulisha mwenzake." Mumewe akaongeza kwamba mazungumzo huanza jioni: nani aliona nini, nani alisinzia, jike gani lilipita na watoto wake wawili likaachwa liende. Mazungumzo hayo, alisema, huwatosha mpaka Pasaka.

Jibu la yule mama ni katekesi kamili ya ndoa. Wapo wanaodhani kuwa umoja wa ndoa ni kushikana mikono saa zote, na wakiona haiwezekani wanakata tamaa. Sivyo. Mume ana kazi yake na mke ana yake. Kila mmoja ana dungu lake. Umoja uko katika kujua mwenzako yuko wapi, anatazama upande gani, na kwamba akishuka utaambiwa. Ni wanandoa wangapi wanaolala kitanda kimoja na hawajui mwenzao yuko wapi moyoni tangu mwaka juzi?

Jambo la pili walilonifundisha linahusu kufuata damu. Kulungu akipigwa, mara nyingi haanguki hapo hapo. Hukimbia. Mwindaji mwenye busara hamfukuzi mara moja. Husubiri nusu saa au zaidi, kwa kuwa mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa atazidi kwenda mbali. Ndipo kazi ya kutafuta inaanza, na hapo watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mmoja anasimama kwenye tone la mwisho la damu walilolithibitisha. Hasogei. Mwingine anatangulia polepole akitafuta tone linalofuata, kwenye jani, kwenye gogo, kwenye theluji. Akiliona anaita, na yule wa nyuma anasogea hadi hapo. Wakipoteza alama, wanajua pa kurudia. Wawindaji husema wakianza kuzungukazunguka wote wawili, kila mmoja na njia yake, watazikanyaga alama na kumpoteza mnyama.

Ndugu msomaji, fikiria hilo katika nyumba iliyojeruhiwa. Labda kuna uongo umegundulika, au deni, au ujumbe kwenye simu. Kosa la kwanza ni kukimbilia kumaliza yote usiku uleule, kwa hasira, na jeraha linakwenda mbali zaidi. Kosa la pili ni wote wawili kuondoka mahali pa mwisho walipokuwa na hakika. Mmoja anakimbilia kwa ndugu zake, mwingine anakimbilia kwa marafiki, na kila mtu anakanyaga alama. Ni heri mmoja awe na neema ya kusimama na kusema: hapa ndipo tulipokuwa wamoja mara ya mwisho, sitoki hapa, wewe tafuta hatua inayofuata. Kesho zamu itageuka. Kusimama kwenye tone la mwisho kunachosha kuliko kutembea, na anayesimama hupigwa na baridi. Lakini bila yeye hakuna pa kurudi.

Naharakisha kuongeza neno kwa anayepigwa. Mke au mume anayeishi na mtu wa kumtishia uhai wake, mimi simwambii asimame palepale asubiri. Huyo aondoke mahali pa hatari, aombe msaada kwa padre, kwa serikali ya mtaa, kwa polisi. Uvumilivu wa Kikristo haukuagizwa kwa ajili ya kumficha mwovu. Na nyumba yenye ugomvi wa namna hiyo haipaswi kuwa na bunduki kabisa.

Jambo la tatu: Wisconsin inadai kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1973 awe amefuzu mafunzo ya usalama kabla ya kupata leseni ya kuwinda. Huko hufundishwa kanuni nne. Ichukulie kila bunduki kama ina risasi. Elekeza mtutu upande salama daima. Uwe na hakika na unachokilenga na kilicho nyuma yake. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga. Mtume Yakobo katika sura ya tatu ya waraka wake anaeleza jinsi ulimi ulivyo kiungo kidogo chenye moto mkubwa. Basi chukueni kanuni hizo nne mkaziweke kwenye ulimi. Usidhani kuna neno lisilo na risasi. Hasira za kazini usizielekeze kwa mkeo. Na kabla ya kusema, tazama nani yuko nyuma ya shabaha: maneno mengi ambayo baba anamlenga mama yanapita na kumpata mtoto aliyejifanya amelala.

Kanisa nalo lina kumbukumbu zake za kulungu. Mtakatifu Huberto, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, ndiye msimamizi wa wawindaji, na sikukuu yake ni Novemba 3. Masimulizi ya kale yanasema alikuwa kijana wa anasa, akaenda kuwinda siku ya Ijumaa Kuu, akamwona ayala mwenye msalaba unaong'aa kati ya pembe zake, akaongoka. Simulizi kama hilo liliwahi kusimuliwa kabla yake juu ya Mtakatifu Eustaki, ofisa wa jeshi la Roma, anayekumbukwa Septemba 20. Masimulizi ni masimulizi, lakini katika hili la Eustaki kuna jambo ninalolipenda. Baada ya kumwona ayala yule, hakubaki na siri yake porini. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, na usiku huo wakabatizwa pamoja na wana wao wawili. Baadaye wanatenganishwa na mateso mengi, wanakutana tena, na mwishowe wanakufa mashahidi pamoja. Linganisheni na hema la Isaka. Mmoja alikutana na Mungu wakati wa mawindo akamwambia mkewe kwanza. Mwingine alipanga baraka ya nyumba nzima na mkewe hakushirikishwa.

Najua wapo watakaouliza: Padre, je, ni vizuri kufundisha ndoa kwa mfano wa kuua mnyama? Swali ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2417-2418) inafundisha kuwa ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, na papo hapo inasema ni kinyume cha heshima ya binadamu kuwatesa au kuwaua bila sababu. Sheria ya Musa ilimwagiza aliyepata mnyama au ndege kwa kuwinda aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo (Law 17:13), maana uhai ni wa Mungu. Wenzi ninaowasimulia hawakuwinda kwa ajili ya kupiga picha. Huko Wisconsin kulungu wakizidi huharibu miche ya msitu na kugongwa na magari barabarani, na idadi ya wanaoruhusiwa kuwindwa hupangwa. Kulungu aliyepatikana lazima aandikishwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Nyama hukatwa mezani kwao wenyewe, mume akitoa mifupa, mke akifunga vipande na kuandika tarehe, na wapo wanaotoa mnyama mzima kwa vituo vinavyowalisha maskini. Sisi huku tuna sheria zetu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania haumgusi mnyamapori bila kibali. Asitokee mtu akaingia hifadhini usiku na mkewe akasema ametumwa na padre.

Windo letu litakuwa jingine. Nawaona wanandoa wanaokuja ofisini baada ya miaka 20 au 25 ya ndoa. Wengi wao hawana kesi kubwa. Watoto wameondoka, na wazazi wamegundua kuwa hawana la kuzungumza. Kwa miaka yote hiyo baba alikuwa na marafiki zake, kijiwe chake na mpira wa Jumamosi; mama alikuwa na kikoba chake, jiko lake na shughuli za kina mama. Baba alinunua kiwanja mama asijue. Mama naye akaweka fedha kwa dada yake baba asijue. Hata kanisani, mama yuko WAWATA, baba yuko katika umoja wa wanaume, na siku ya jumuiya anakwenda mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Vyama hivyo ni vizuri, navipenda. Lakini ratiba ya parokia isiyowaacha mume na mke wafanye lolote pamoja inahitaji kutazamwa upya.

Baba Mtakatifu Fransisko katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 aliwasihi wanandoa wapeane muda, muda wenye ubora, wa kusikilizana kwa uvumilivu. Muda huo haushuki kutoka mbinguni. Watu wengi, hasa wanaume, hawawezi kukaa kwenye viti viwili wakitazamana na kuambiwa "haya, zungumzeni". Wape kazi ya mikono na mazungumzo yatakuja yenyewe. Kwa hiyo nashauri kila nyumba ichague windo moja. Liwe jambo la kweli, lenye jasho na lenye matunda yanayoonekana mezani: bustani ya mboga, kuku, ujenzi wa chumba kimoja, kumtembelea mgonjwa wa jumuiya kila Jumapili alasiri, kuhesabu mapato na matumizi ya mwezi kwa daftari moja. Lifanyike kwa ratiba. Na mchango wa kila mmoja uheshimiwe. Anayeshika taa si mdogo kuliko anayeshika kisu.

Tahadhari moja kwa kina baba: windo la pamoja halina maana ya kumburuta mkeo kwenye mambo unayoyapenda wewe. Yule bwana wa Wisconsin alinieleza kwamba kabla mkewe hajakubali kupanda dungu, yeye mwenyewe alikuwa ameshakaa miaka kadhaa jikoni kila Septemba akimsaidia kuhifadhi nyanya kwenye chupa. Alianza kwa kuingia kwenye kazi ya mkewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, lakini kidole hakilazimishwi na kidole.

Kitabu cha Mithali kinamlinganisha mke wa ujana na ayala apendwaye (Mit 5:18-19). Mwandishi alijua kuwa mnyama huyo humwoni kwa kukimbia na kupiga kelele. Humwona yule aliyekubali kunyamaza na kungoja. Basi leo jioni, baada ya chakula, zimeni televisheni, wekeni simu pembeni, na kila mmoja amwulize mwenzake swali hili moja: siku hizi uko wapi? Jibu likichelewa, usishuke dunguni. Ngoja.

Nawatakia Dominika njema, na Mungu azibariki ndoa zenu.